Mwongozo kamili wa kumtunza paka mzee wa kuokota, hapa Dodoma

Paka aliyezeekea mtaani kisha akapata nyumba hatafuti mengi. Anachotaka ni siku inayofanana na ya jana: chakula saa ileile, maji palepale, na kona moja ambayo hakuna anayemfukuza. Ukimpa hayo, paka wa miaka 11 au 12 anaweza kuishi nawe miaka kadhaa zaidi akiwa ametulia, maana paka wa ndani wengi hufika miaka 15 na kuendelea. Tatizo ni kwamba paka huficha maumivu. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: siku yake isiyumbe, na yeye akiyumba uwe wa kwanza kuona.

Nauandika kwa watu wa Dodoma kwa sababu ukavu wetu, maji yetu, na hata dawa za mifugo zilizozagaa majumbani vina mambo yake. Wa Manyoni na Singida nao watayakuta mengi ya kwao humu.

Kwanza, jua una mzee wa aina gani

Paka wa kuokota haji na cheti cha kuzaliwa. Mfungue mdomo taratibu: meno ya njano yenye ukoga mgumu, mengine yamevunjika au hayapo, ni dalili ya umri, ingawa maisha ya jalalani huharibu meno mapema. Tazama macho kwenye mwanga: paka mzee huwa na ukungu wa kibuluu kwenye mboni, na ile rangi inayoizunguka huonekana ina mabaka. Pitisha kiganja mgongoni. Ukihisi mifupa ya uti imechomoza hata kama tumbo limeshiba, nyama ya mgongo imepungua. Kuanzia miaka 7 paka ni mtu mzima kabisa, na akivuka 11 ni mzee.

Baada ya hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo, na uulize bila aibu kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Wengi hapa wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo mwambie unachotaka: apime uzito, aangalie mdomo, asikilize moyo, atoe dawa ya minyoo, achanje kichaa cha mbwa. Kama hajahasiwa, uliza kama umri na afya yake vinaruhusu. Vipimo vya damu vya figo na tezi ya shingo vinaweza kukulazimu kusafiri. Hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko Morogoro, kilomita 260 hivi kwa barabara. Si kila paka anahitaji safari hiyo. Anaihitaji yule anayekonda huku anakula.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiache, hata kwa paka asiyetoka nje. Ugonjwa huu haubagui mnyama, na kampeni za chanjo mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Paka usiyemjua historia yake akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mpe chumba kimoja kabla ya kumpa nyumba

Watu humleta paka, wanamwachia sebuleni, watoto wanamzunguka, naye anaingia nyuma ya kabati hatoki siku mbili. Anzia chumba kimoja kidogo. Weka boksi la katoni lililolala ubavu, ndani yake kitenge cha zamani. Choo kona moja, chakula na maji kona nyingine. Ingia, keti sakafuni, fanya shughuli zako, usimshike. Akikutazama, fumba macho polepole na kuyafumbua. Akijibu vivyo hivyo, amekuelewa. Akianza kula ukiwa humo ndani na kulala kifudifudi huku miguu imelegea, mfungulie mlango achungulie mwenyewe.

Asitoke nje ya nyumba kwa wiki tatu au nne za mwanzo. Kagua nyavu za madirisha: za mbu za kawaida huchanika kwa kucha. Kwangu mimi, paka mzee hana sababu ya kurandaranda kabisa. Nje kuna mbwa, bodaboda, nge na paka dume wa jirani, na ndani kuna dirisha. Akikaa dirishani akatazama kuku wa jirani, asubuhi yake imekamilika.

Maji, na hapa nitakaa

Dodoma ni nchi kavu. Tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha upepo unakausha kila kitu mpaka Novemba. Paka naye asili yake ni nchi kame. Mababu zake walipata maji kutoka kwenye mwili wa windo, ndiyo maana kiu yake ni ndogo hata mwili unapohitaji. Ongeza figo za uzeeni, ambazo haziwezi tena kuukoleza mkojo ili maji yabaki mwilini, na utaona kwa nini ugonjwa wa figo ni miongoni mwa vinavyowaondoa paka wazee wengi.

Paka wa kilo 4 anahitaji mililita 200 hivi kwa siku, ukijumlisha ya kunywa na yaliyomo kwenye chakula. Njia rahisi ya kumnywesha ni kumlisha chakula chenye majimaji: nyama iliyochemshwa ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na ukimiminia mchuzi wake usio na chumvi umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Weka bakuli pana, la bati au la udongo, mbali na chakula na mbali zaidi na choo. Weka mawili au matatu katika vyumba tofauti, kwa sababu mzee mwenye magoti mabaya hatatembea mbali kufuata maji. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, na paka wengine huyakataa. Mpe yale unayokunywa wewe, na ubadilishe kila asubuhi, kwani vumbi la Agosti huyafunika kabla ya mchana.

Sasa jifunze kupima. Mimina mililita 300 kwenye bakuli lake, uondoe mengine yote. Mimina 300 nyingine kwenye bakuli linalofanana nalo, uliweke mahali penye hewa ileile lakini asipofika, juu ya kabati kwa mfano. Kesho yake saa ileile pima mabaki yote mawili. Upungufu wa lile la juu ni maji yaliyopotelea hewani, na kwa hewa ya Oktoba si kidogo. Tofauti kati ya mabakuli ndiyo aliyokunywa. Fanya hivi akiwa mzima, uandike. Siku atakapoanza kuinamia bakuli mara kwa mara utakuwa na namba ya kulinganisha, na daktari atakushukuru. Akivuka mililita 100 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, kuna ugonjwa. Hata ongezeko dogo linalodumu wiki nzima lichunguzwe: ni figo, ni kisukari, au ni tezi ya shingo.

Wengi huvuta ngozi ya shingo kuona kama paka amekaukiwa. Kwa mzee kipimo hicho hudanganya, kwa sababu ngozi yake imekwishalegea. Gusa ufizi: ukiteleza yuko sawa, ukinata kama umepakwa gundi amekaukiwa.

Chakula

Ugali na dagaa wawili juu yake humshibisha paka bila kumlisha. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama, ya kutosha, na asipoipata kwenye nyama macho na moyo huharibika. Moyo wa ng'ombe au wa kuku una taurini nyingi. Pupu, ambayo ndiyo bucha nyingi huwapa wenye paka, si mbaya ila isiwe peke yake. Nikifika buchani huwa nasema tu, "Kaka, nichanganyie, moyo uwe mwingi," na muuzaji anaelewa.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa karibu nusu kilo: gramu 350 za nyama ya kuku au ng'ombe, gramu 100 za moyo, ini kipande cha gramu 25, na nusu kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyooshwa, yakakaangwa makavu na kusagwa unga. Maganda yanaleta kalsiamu ya kujenga mifupa, kwa kuwa nyama bila mifupa ina kidogo mno. Chemsha kwa maji machache, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu huharibu damu ya paka, kwa hiyo hata masalio ya rosti yetu hayamfai. Katakata vipande vidogo na umpe pamoja na mchuzi, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Kama huna friji, pika ya siku moja.

Ini lisizidi hapo. Paka anayelishwa maini kila siku hujaza vitamini A, na baada ya muda mifupa ya shingo na mgongo huota na kushikana mpaka ashindwe kugeuka. Samaki wa bwawa la Mtera ni wazuri mara moja au mbili kwa wiki, wameiva na kutolewa miiba. Dagaa waroweke, waoshe mpaka mchanga uishe, kisha uwachemshe. Wale wa chumvi waache. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kuwa sindano. Maziwa nayo: paka mkubwa kwa kawaida hawezi kumeng'enya sukari yake, anaharisha, na kuharisha kunamwondolea maji tuliyohangaikia.

Kwa siku nzima gramu 150 hadi 200 zilizopikwa zinamtosha paka wa kilo 4, zigawanywe mara tatu au nne. Zipashe moto kidogo kabla ya kumpa, maana pua yake imechoka na chakula baridi hakimnukii. Ukimudu chakula cha dukani chagua cha paka, si cha mbwa, na kile kikavu ukiloweshe. Watu husema mzee apunguziwe nyama. Usimpunguzie mpaka daktari aseme figo zinataka hivyo.

Asipokula siku nzima, shtuka. Akifika siku mbili, mpeleke. Paka asiyekula, hasa mnene, ini lake hujaa mafuta, na hapo anakufa kwa njaa hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo.

Choo cha mwenye magoti

Paka mzee akianza kukojoa zuliani, mara nyingi anakwambia choo kina ukingo mrefu. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, lilaze, ukate ubavu wa juu wote kwa kisu cha moto. Upande mmoja mfupi ushushe mpaka ubaki sentimita 7 hivi, kisha lainisha makali kwa kupitisha moto wa mshumaa au kwa kubandika utepe mnene. Shani, paka wangu mwenye uso mweupe, alikuwa anasimama mbele ya beseni, ananyanyua mguu mmoja, anaurudisha, anageuka kwenda pembeni ya kochi. Alipowekewa dumu lililokatwa aliingia kama anaingia chumbani kwake.

Ndani tia mchanga wa korongo uliochekechwa, au maranda ya kwa fundi seremala, kina cha vidole vitatu. Zoa mara mbili kwa siku. Kuna vimelea vya toksoplasma ambavyo vikitoka na kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo choo kinachosafishwa kila siku kinawalinda watu wa nyumbani. Mama mjamzito asikiguse kabisa. Mwingine azoe, anawe mikono.

Baridi ya Juni, jua la Oktoba

Picha za mionzi zimeonyesha kwamba paka wengi waliovuka miaka 12 wana viungo vilivyoharibika, na wachache wao huchechemea. Utakachoona ni kwamba ameacha kuruka kitandani, au anashuka kwa kusita. Mjengee ngazi: kigoda, kisha stuli, kisha dirisha. Usiku wa Juni na Julai weka kitanda chake mbali na mlango, chini pawe na katoni mbili, na ndani chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye taulo. Aweze kuisogelea na kuikimbia.

Msimu wa joto anajua mwenyewe kulala kwenye saruji. Wewe hakikisha tu mlango wa chumba chenye kivuli haujifungi. Lakini paka mwenye masikio au pua nyeupe asiachwe kulala juani saa za mchana. Jua letu huanza kwa kumchubua ncha ya sikio, unaona kigaga, kinapona, kinarudi, na mwishowe ni saratani. Kigaga kisichopona kwa wiki mbili hakipakwi mafuta ya nazi, kinapelekwa kwa daktari.

Kucha, manyoya, mdomo

Mzee hajinoi tena kama zamani, hivyo kucha hunenepa, hujikunja na kuingia kwenye nyama ya mguu. Kila baada ya wiki mbili bonyeza kidole kidogo ili kucha itoke, ukate ile ncha nyeupe tu, usiguse sehemu ya waridi. Mchane kila siku kwa dakika chache. Vidole vyako vitagundua vivimbe, kidonda au viroboto kabla ya macho. Ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na nywele ni mapunye, na yanawapata watoto. Mdomo unaonuka sana, mate yanayodondoka, kula kwa upande mmoja: hayo ni meno, na meno yanauma.

Usiyaingize haya karibu naye

Panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka: ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka wa kahawia. Diklofenaki na ibuprofeni pia ni hatari. Usimpe dawa yoyote ya binadamu kwa kukadiria.

Kwa sisi wa mkoa wa mifugo kuna hatari nyingine. Viroboto vikizidi mtu anachukua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, anaizimua, anamwogesha paka. Nyingi zina sipameturini au amitrazi, ambazo ni sumu za kuua kupe, na paka huanza kutetemeka, kisha degedege. Dawa za viroboto za mbwa ni vilevile. Tumia kitana chenye meno yaliyobanana, fua matandiko yake kila wiki, na dawa iwe iliyoandikwa wazi kuwa ni ya paka.

Dawa za kudekia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji nazo si rafiki yake. Atatembea juu yake kisha ajilambe miguu. Sabuni ya kawaida inatosha. Na kama jirani anatega sumu ya panya, mwombe atumie mtego. Paka aliyekula panya mwenye sumu anaweza kuanza kuvuja damu siku kadhaa baadaye. Ukishuku, chukua pakiti uende nayo kwa daktari, kwa sababu baadhi ya sumu hizo zina dawa yake, vitamini K.

Daftari

Nunua daftari dogo. Mara moja kwa mwezi panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa, andika. Kwa paka wa kilo 4, kupungua gramu 400 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza 7. Akilala usingizi, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Chini ya 30 ni sawa. Ikivuka mara kwa mara, moyo au mapafu yana shida.

Mambo mengine hayasubiri daftari. Dume anayechuchumaa chooni bila kutoa mkojo ana kizuizi, na siku moja tu inaweza kumuua. Paka anayehema mdomo wazi, aliyepofuka ghafla huku mboni zimepanuka, au miguu ya nyuma imekufa na kuwa ya baridi, apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo.

Anayekula kwa pupa huku anakonda na kulia usiku, mara nyingi ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Anayelia usiku bila kukonda labda hasikii vizuri au anapotea gizani. Mwachie taa ndogo.

Watu wa nyumbani na majirani

Dada wa kazi ndiye anayeshinda na paka. Mfundishe dalili zote hizi, umwonyeshe daftari, na akisema, "Mama, leo kaacha nusu," msikilize. Watoto waelezwe kwamba paka hufuatwa pale tu yeye mwenyewe anapotaka, hachukuliwi usingizini. Kwa majirani, hasa kama paka ni mweusi, nenda mapema, salimia wazee, waambie ni wako na amechanjwa. Mfunge utepe mwepesi wenye mpira shingoni, unaoachia ukinasa. Paka mwenye utepe hapigwi mawe kirahisi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo. Majirani Waislamu nimewaona wakilichukua jambo hili kwa wepesi, maana wamefundishwa kuwa paka si najisi.

Siku zikizidi kuwa mbaya

Kwenye daftari tia alama: leo alikula, alijilamba, alikuja mlangoni. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko njema kwa wiki mbili mfululizo, na daktari hana jipya, muulize kuhusu sindano ya kumfisha bila maumivu. Naamini ni wema. Aliyekuwa hawezi kujitetea mtaani anastahili mtu wa kumwamulia vizuri. Shimo la kumzika liwe la mita moja, mbali na kisima, na mawe juu mbwa wasifukue.

Uhamisho na safari

Huu ni mji wa watumishi, na barua ya uhamisho haina msimu. Ukisafiri siku chache, usimhamishe. Mtu aje nyumbani mara mbili kwa siku, akae naye angalau nusu saa. Ukihama, safiri naye kwenye tenga lenye mfuniko lililofunikwa kanga, bila chakula kwa saa sita kabla, maji uyampe njiani. Ukifika, anza tena na chumba kimoja, na vyombo vyake vilevile. Ukiwa huwezi kabisa kwenda naye, mtafutie mtu mwezi mmoja kabla, umlete huyo mtu nyumbani mara kadhaa amlishe yeye, kisha siku ya kuhama umkabidhi paka, daftari, dumu la choo, na kitenge chake kikiwa hakijafuliwa.